Krapf tunamkumbuka kwa jambo lisilo lake

Mtajie Ludwig Krapf mtu yeyote aliyesoma shule ya msingi Kenya, naye atakujibu kabla hujamaliza: Mzungu wa kwanza kuuona Mlima Kenya. Ndivyo tulivyokaririshwa. Kwa maoni yangu, katika yote aliyoyafanya mtu huyu, hilo ndilo dogo kuliko mengine.

Mlima aliuona tarehe 3 Desemba 1849 akiwa Kitui, mgeni wa Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa Wakamba. Kivoi alimpokea, akamsimulia habari za mlima wenye weupe kileleni, na mawingu yalipoachana Krapf akauona. Ugunduzi uko wapi hapo? Mwaka 1851 Kivoi aliuawa msafara wao uliposhambuliwa karibu na mto Tana. Krapf aliponea chupuchupu, akatangatanga porini na kiu, maji ameyatia kwenye mtutu wa bunduki. Mgeni akaingia vitabuni, mwenyeji akabaki jina la pembeni.

Mimi namtafuta Krapf Mombasa, mwaka 1844. Alikuwa Mjerumani wa Derendingen, karibu na Tübingen, aliyetumwa na CMS, shirika la wamisionari wa Kianglikana, na Ethiopia walikuwa wameshamfukuza. Mwezi Julai mkewe Rosine alifariki kwa homa, na kichanga chao cha kike hakikupona. Wakazikwa bara, upande wa Nyali. Krapf akawaandikia wakubwa wake kwamba kaburi lile ni ishara kuwa mapambano yao na sehemu hii ya dunia yameanza. Mapambano! Mfiwa ana ruhusa ya kusema mengi, lakini neno hilo linanikaa vibaya.

Mwezi mmoja kabla ya msiba, tarehe 8 Juni, alikuwa ameanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo cha Biblia kwa Kiswahili. Aliyemsaidia ni Sheikh Ali bin Muhidini wa Barawa, mmoja wa makadhi wa Mombasa. Hebu tulia hapo kidogo. Mchungaji anayeuona Uislamu kuwa ndio mpinzani wake mkuu amekaa na kadhi, wanajadili habari za Adamu na Hawa, na mwenye lugha ni kadhi. Bila subira ya wazee kama huyo, Krapf asingetoa sarufi yake ya mwaka 1850, wala kamusi nene iliyochapishwa London mwaka 1882, miezi michache baada ya kufa kwake. Kamusi ile imejaa Kimvita, lahaja ya Mombasa ambayo usanifishaji wa baadaye uliiacha kando ukachukua Kiunguja, lahaja ya Zanzibar.

Kuhusu dini, mavuno yalikuwa haba. Kituo cha misheni cha Rabai, karibu na Mombasa, walikianzisha mwaka 1846 yeye na mmisionari mwenzake Johannes Rebmann, wote wawili wanatetemeka kwa homa, na mtu wa kwanza kubatizwa, Mringe, alibatizwa akiwa mahututi. Krapf aliondoka mwaka 1853. Rebmann, aliyeuona Kilimanjaro mwaka 1848 na kubishiwa na wasomi wa London kuhusu theluji, alibaki hadi 1875, akarudi kwao kipofu. Kama kuna nishani ya uvumilivu, apewe huyo.

Kilichobaki cha Krapf ni herufi. Kiswahili kilikuwa kikiandikwa kwa herufi za Kiarabu tangu zamani. Yeye akashika za Kilatini, na hakuficha sababu: aliona zile za Kiarabu zingeufungulia Uislamu mlango. Sikatai kwamba Kilatini kina wepesi wake, maana irabu zetu tano huonekana bila kubahatisha. Lakini nia haikuwa wepesi. Leo kuna familia za pwani zenye barua za mababu sandukuni, na nyumbani hakuna wa kuzisoma. Hilo silihesabu kuwa jambo dogo, ingawa nami naandika kwa herufi hizihizi na kula kwazo.

Tena ni Krapf huyohuyo aliyekusanya miswada ya tenzi zetu iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu, Utenzi wa Tambuka ukiwemo, akaipeleka Halle, Ujerumani, mwaka 1854. Huenda hapa ingeliwa na mchwa. Huko imetunzwa vizuri, na mwanafunzi wa Mombasa anayetaka kuishika mkononi aanze kwa kuomba viza.