Mtafiti wa Kusini na Nafasi za Ugenini: Safari Ipi Inalipa?

Mwalimu wa chuo aliyeko Mtwara, au mtafiti wa mikorosho aliyeko kituo cha utafiti cha Naliendele, akiona tangazo la nafasi ya mtafiti mgeni katika chuo kikuu cha nje, hupata ushauri wa namna mbili. Wapo wanaomwambia aombe tu, maana nafasi hizo ni chache na mlango ukifunguka hapo ndipo majina yanapojulikana. Wapo wanaomwonya kwamba atakula karibu mwaka mzima katika maandalizi, aondoke miezi mitatu, kisha arudi na picha za theluji na cheti cha ushiriki huku wanafunzi wake wamekaa bila mwalimu. Pande zote mbili zinasema kweli. Kinachoamua ni jambo ambalo wengi hulifikiria wakiwa wameshaanza kujaza fomu: kuna kitu gani huko ambacho hapa hakipo, na bila hicho kazi yangu haiendi?

Mikoa ya Lindi na Mtwara ina jibu la wazi kuliko sehemu nyingi za nchi. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba kilima cha Tendaguru, mkoani Lindi, wakasafirisha zaidi ya tani 200 za mifupa ya dinosaria kwenda Berlin. Mizigo hiyo ilibebwa vichwani na mabegani na wenyeji hadi bandari ya Lindi, na msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, jina ambalo kila mwanafunzi wa Lindi alipaswa kulijua. Kiunzi kirefu kilichosimama katika jumba la makumbusho ya viumbe la Berlin kimetokana na mifupa hiyo. Mwaka 1906 Karl Weule, mtafiti wa tamaduni kutoka Leipzig, alizunguka Lindi, Masasi na Newala akikusanya vinyago, ala na vyombo, na kurekodi nyimbo kwenye silinda za nta. Vitu hivyo viko Leipzig, na sauti ziko Berlin. Anayetafiti mambo hayo hana njia ya mkato. Atakwenda.

Hapa wapo wanaouliza kwa nini mtoto wa Lindi aombe viza ili akaone mifupa ya Lindi. Swali hilo ni halali, na si la kujibiwa kwa kejeli. Lakini sioni kwamba kukataa kwenda kunaisogeza hoja yao mbele. Anayejua mfupa upi uko kwenye rafu ipi, ulichimbwa shimo gani, na daftari la wachimbaji linasema nini, ndiye anayeweza kukaa mezani yanapojadiliwa mambo ya urejeshaji. Pasipo mtu huyo, mazungumzo yanabaki ya hisia upande wetu na ya nyaraka upande wao.

Upande wa pili una hoja ambayo waombaji huidharau. Vitu vingi vilivyodhaniwa kuwa mbali vimesogea. Mwanahistoria wa Maji Maji (1905–1907) akiandika kwamba anahitaji kukaa Berlin ili asome majalada ya wizara ya makoloni, yaani mfululizo wa R 1001, mkaguzi wa maombi yake atajua kwamba sehemu kubwa ya majalada hayo imeshapigwa picha na inasomeka bure kwenye mtandao wa hifadhi ya taifa ya Ujerumani. Atajua pia kwamba hifadhi ya nyaraka ya Dar es Salaam ina majalada ya serikali ya Kijerumani ambayo Berlin hayapo. Ombi la namna hiyo linaanguka hata kama limeandikwa kwa ufasaha. Kwa upande wa majarida ya kitaaluma, taasisi za Tanzania zinaweza kujisajili Research4Life na kusoma maelfu ya majarida bila malipo. Kwa hiyo sababu ya “kutumia maktaba nzuri” haibebi tena safari.

Mikorosho inaonyesha ugumu wa aina nyingine. Tuchukue mtafiti wa ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu unaoshambulia maua ya mkorosho, anayetaka kwenda kwenye maabara yenye mashine za kusoma vinasaba. Hitaji lake ni la kweli, ila ana matatizo mawili. La kwanza ni msimu: maua hutoka katika miezi ya kiangazi, takriban Juni hadi Septemba, na huo ndio muda ambao vyuo vingi hupendelea kupokea wageni kwa kuwa maabara zina nafasi. Ukiondoka Julai umepoteza takwimu za shambani za mwaka mzima, na mkorosho haukusubiri. La pili ni sampuli. Ukungu hai hauvuki mpaka kwenye mkoba. Unahitaji cheti cha afya ya mimea kutoka TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, kibali cha kuingiza kutoka nchi ya mwenyeji, na kwa kuwa Tanzania imeridhia Itifaki ya Nagoya, makubaliano ya maandishi kuhusu matumizi ya rasilimali za kijenetiki. Njia nyepesi ni kutoa DNA hapa nchini, kupata vibali vyake, na kwenda na mirija midogo isiyo na uhai, au kuituma ikasomwe na wewe uende kujifunza uchambuzi wa data. Na kama unachohitaji ni uchambuzi tu, Nairobi au Arusha huenda kukatosha kwa gharama ndogo zaidi.

Hoja ya idara kubaki pengo nayo isipitwe haraka. Katika vyuo vya Kusini mara nyingi somo moja lina mwalimu mmoja. Akiondoka kipindi chote cha muhula, wenzake wanabeba mzigo ambao hakuna anayewalipa, au somo linafundishwa kwa mafungu mwishoni kwa kukimbizana. Mkuu wa idara anayesita kusaini barua ya ruhusa si lazima awe na wivu. Mwombaji makini huenda kwake na ratiba mkononi: somo hili nitalimaliza mapema, lile atalishika fulani kwa makubaliano haya, mitihani nitaisahihisha kabla ya tarehe fulani. Nafasi za miezi mitatu zinaweza kubanwa kati ya Julai na Oktoba, wakati wa likizo ndefu ya vyuo vyetu. Tahadhari tu kwamba Julai na Agosti maprofesa wengi wa Ulaya nao wako likizo, na Uswidi Julai ofisi huwa tupu kabisa. Septemba hadi katikati ya Desemba hufaa zaidi kikazi, ingawa inaumiza ratiba ya huku.

Muda wenyewe unategemea mlango unaougonga. DAAD, shirika la Ujerumani la kubadilishana wasomi, lina nafasi za mwezi mmoja hadi mitatu kwa wahadhiri na wanasayansi. Taasisi ya Nordiki ya Afrika iliyoko Uppsala, Uswidi, na kituo cha masomo ya Afrika cha Leiden, Uholanzi, zimekuwa zikipokea wageni kwa miezi michache, hasa wa sayansi za jamii na historia. Fulbright, ufadhili wa serikali ya Marekani, kwa watafiti wa Afrika imekuwa ya miezi 3 hadi 9, na huambatana na sharti la kurudi nyumbani na kukaa miaka miwili kabla ya kuomba aina fulani za viza za huko. Masharti hubadilika kila mwaka, na viza za Marekani hubadilika haraka zaidi, kwa hiyo soma tangazo la mwaka huu na si faili alilokutumia rafiki. Kwangu, miezi mitatu yenye kazi iliyotajwa kwa jina inazidi mwaka wenye maneno ya jumla kama “kujenga mtandao”.

Barua kwa mwenyeji, yaani profesa unayetaka akupokee, ndiyo inayozamisha wengi. Profesa anayepokea barua inayoanza na “Mheshimiwa Profesa” bila jina lake, imesifia chuo chake aya nzima na kuambatisha mafaili sita, haijibu. Andika aya nne fupi. Ya kwanza: wewe ni nani na unafanya kazi wapi. Ya pili: kitu mahususi unachokihitaji, kwa namba ya orodha ya makumbusho, jina la mashine au jina la mkusanyo. Ya tatu: unachokuja nacho ambacho yeye hana. Hapa mtafiti wa Kusini ana utajiri asioutumia: anajua Kimwera, Kimakonde au Kiyao, anajua vijiji vilivyotajwa kwenye daftari la Weule vinaitwaje leo, ana takwimu za shamba za misimu kadhaa. Ya nne: tarehe, na nani atalipa. Ambatisha wasifu wa kurasa mbili katika faili moja, na tumia anwani ya chuo chako kama inafanya kazi. Wiki tatu zikipita bila jibu, kumbusha mara moja, kisha tafuta mwingine.

Akikubali, barua ya mwaliko iwe na tarehe ya kuanza na kumaliza, meza au maabara utakayotumia, jina la atakayekusimamia, na kauli ya wazi kama kuna ada ya kutumia maabara. Ada hiyo baadhi ya vyuo huitoza, na wengi huigundua wameshafika. Jina lako kwenye barua liandikwe kama lilivyo kwenye pasipoti. Majina mawili kwenye cheti cha chuo na matatu kwenye pasipoti, au herufi iliyobadilika kati ya cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha taifa, ni sababu ya kawaida ya maombi kukwama. Lirekebishe kwa hati ya kisheria kabla ya dirisha la maombi kufunguliwa.

Andiko la utafiti lihesabiwe kwa siku. Wiki 12 ni siku 60 za kazi. Usajili, kadi ya mlango na mafunzo ya usalama wa maabara hula wiki mbili za mwanzo. Ondoa sikukuu na wiki ya mwisho ya kuwasilisha matokeo, na kilichobaki ni kama siku 45. Mkaguzi akiona umepanga kazi ya siku 100 ndani ya hizo 45 anajua hujawahi kuulizia. Nyaraka za zamani za Kijerumani zimejaa mwandiko wa mkono uitwao Kurrent. Ambaye hajajifunza kuusoma kabla ya kuondoka atazitumia siku zake akibahatisha herufi.

Wadhamini wawili wanaoandika barua za kukutambulisha wapewe andiko lako na mwezi mzima. Barua inayosema tu kwamba una tabia njema haisaidii.

Gharama za mwanzo ndizo zinazowaumiza watu wa mbali. Pasipoti ni shilingi 150,000. Viza ya Schengen, inayotumika katika nchi nyingi za Ulaya, ya siku 90 ni yuro 90, na lazima iambatane na bima ya afya ya angalau yuro 30,000. Viza ya taifa ya Ujerumani kwa kukaa zaidi ya hapo ni yuro 75. Uingereza, anayekwenda zaidi ya miezi sita hupimwa kifua kikuu, na kwa viza za kazi za muda hulipa pia tozo ya afya ya pauni 1,035 kwa mwaka. Alama za vidole huchukuliwa Dar es Salaam, takriban kilomita 560 kutoka Mtwara. Mei 2024 mvua za Kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Kusini na magari yakalala njiani siku kadhaa. Mwenye miadi ya viza wakati wa mvua asafiri mapema. Posho ya ufadhili mara nyingi huingia baada ya kufika na kufungua akaunti, ilhali mwenye nyumba wa Ujerumani anaweza kudai dhamana ya hadi kodi ya miezi mitatu, na sehemu yake hulipwa mwanzoni kabisa. Uliza mapema kama chuo kina chumba cha wageni kisicho na dhamana, na kama sehemu ya posho inaweza kutangulia. Asiye na akiba wala wa kumkopesha huishia kukataa nafasi aliyoishinda, na hili waandaaji wa ufadhili wanapaswa kulisikia zaidi kuliko tunavyolisema.

Mtumishi wa umma anahitaji pia kibali cha kusafiri nje, nacho kina ngazi zake. Kianze kutembea wiki unayopata barua ya kukubaliwa. Fomu za mtandaoni nazo zisingoje usiku wa mwisho. Saa sita usiku ya Berlin ni saa saba au saa nane ya huku kutegemea majira, lakini hiyo haitakusaidia siku ambayo nyaya za baharini zimekatika, kama ilivyotokea Mei 2024.

Linabaki suala la nani atamiliki kazi. Hapa wapingaji wa safari hizi wana haki kuliko mahali pengine popote, kwa sababu data ya Kusini imeshaondoka mara nyingi bila majina ya Kusini. Kabla ya kuondoka, andikianeni na mwenyeji ukurasa mmoja: nani mwandishi wa kwanza wa kila makala, chuo chako kitatajwa vipi, nakala za picha, sauti na vipimo zitahifadhiwa wapi Mtwara au Lindi, na nini hakitachapishwa bila ridhaa ya wanakijiji waliohojiwa. Kama una majina na sauti za watu, sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya 2022 inagusa uhamishaji wake nje ya nchi, na tume yake ndiyo ya kuulizwa. Mwenyeji mwema husaini ukurasa huo bila shida. Akisita, unayo nafasi ya kutafuta mwingine ukiwa bado nyumbani.