Kiburi ni dhambi ya nani?

Muumini anayehoji matumizi ya sadaka huambiwa ana kiburi. Kiongozi anayekataa kuhojiwa, mara nyingi huitwa mtu wa msimamo. Hapo ndipo shaka yangu inapoanzia, ingawa fundisho lenyewe, kwamba kiburi ni mzizi wa dhambi zote, sina ugomvi nalo.

Papa Gregori Mkuu, aliyeongoza Kanisa kuanzia mwaka 590 hadi 604, hakukiweka kiburi ndani ya orodha yake ya vichwa saba vya dhambi. Alikiita malkia wa vyote, na mzizi vinamochipukia. Naye Agostino, askofu na mwalimu wa Kanisa aliyemtangulia, alikuwa amekwisha kufundisha kwamba Adamu na Hawa walianguka sirini, moyoni, kabla ya mkono kugusa tunda.

Ukali huo una sababu. Mlevi hujulikana kwa kuyumba, lakini kiburi hujificha ndani ya mema. Farisayo wa Luka 18, aliyemshukuru Mungu kwamba yeye si kama mtoza ushuru, alifunga mara mbili kwa juma na kutoa zaka ya mapato yake yote, wala Yesu hasemi kwamba alidanganya. Kasoro ni kwamba shukrani yake ilimhitaji mtoza ushuru: bila mtu wa kudharau, sala ile isingekamilika.

Mwaka 1960 mwanateolojia wa Marekani, Valerie Saiving, alitoa hoja inayosumbua mpaka leo. Alisema wanateolojia kama Reinhold Niebuhr, waliokifanya kiburi kuwa kiini cha dhambi, walikuwa wakieleza zaidi maisha ya wanaume. Kwa wanawake, alisema, kishawishi kikubwa zaidi ni kujipoteza, kuishi kwa ajili ya wengine hadi nafsi isibaki na chochote chake. Mtu wa namna hiyo ukimhubiria ajishushe, unamzidishia ugonjwa.

Nadhani Biblia inampa Saiving nguvu kuliko wengi wanavyokubali. Katika 2 Nyakati 26, mfalme Uzia anajivuna baada ya kupata nguvu, anaingia hekaluni kufukiza uvumba, kazi ya makuhani peke yao, na kuhani Azaria pamoja na wenzake 80 wanamkabili na kumwamuru atoke. Wanaompinga mkubwa ndio wenye haki. Katika Hesabu 27, mabinti watano wa Selofehadi wanasimama mbele ya Musa, kuhani na mkutano wote, wakidai urithi wa baba yao. Hakuna anayewaita wenye kiburi. Mungu anasema wamenena haki.

Hata hivyo, hoja ya Saiving isigeuzwe kinga. Kuwa chini hakumtakasi mtu. Aliyeonewa naye anaweza kuyafanya maumivu yake kiti cha enzi, asikosolewe na yeyote. Thoma wa Akwino, mwanateolojia wa karne ya 13, alikuwa na kipimo kizuri hapa: kiburi ni kutamani ukuu kupita kiasi cha haki, na ndiyo maana aliweza kuuhesabu moyo mkuu, ule unaolenga mambo makubwa yanayostahili, kuwa fadhila sambamba na unyenyekevu. Kiswahili nacho kina tofauti yake (naipenda sana): kujivuna si kujivunia. Anayejivunia kazi au mwanawe ana kitu cha kutuonyesha. Anayejivuna anatuonyesha nafsi yake tu.

Mabinti wa Selofehadi walikuja na dai linaloweza kupimwa, wakangoja jibu. Uzia alipoambiwa atoke, alikasirika, chetezo bado kikiwa mkononi. Na mtoza ushuru je? Luka anasema alishuka nyumbani amehesabiwa haki. Hasemi kama njiani alimshukuru Mungu kwamba yeye si kama yule Farisayo.