Ziara ya chakula Ahmedabad igawe mara mbili

Ziara nyingi za chakula cha mtaani zinazouzwa Ahmedabad, mji wa jimbo la Gujarat nchini India, zina kasoro moja: zinaubana mji mzima ndani ya saa nne za alasiri. Mgeni huchukuliwa hotelini saa tisa, jua bado linachoma, akaoneshwa msikiti mmoja, akazungushwa kwa bajaji, akawekewa sahani saba mfululizo, na saa moja usiku amesharudishwa chumbani. Saa hiyo Manek Chowk, uwanja wa soko wa mji mkongwe, wauza dhahabu ndio kwanza wanafunga maduka, na majiko ya usiku hayajawashwa. Mgeni amelipia chakula cha mji huu na hakukionja kinapopikwa.

Mji unataka uendewe mara mbili kwa siku: asubuhi kwa miguu, mchana ulale, jioni urudi.

Eneo lenyewe si kubwa. Sultani Ahmad Shah aliuanzisha mji mwaka 1411 kwenye ukingo wa mashariki wa mto Sabarmati, na mwaka 2017 sehemu hiyo kongwe iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia, mji wa kwanza wa India kupata heshima hiyo. Ziara ya chakula ibaki humo. Ashram ya Gandhi, alikoishi kuanzia 1917 hadi 1930, na kisima cha ngazi cha Adalaj kilicho nje ya mji kaskazini vinastahili kuonwa, lakini vipangie siku yake. Ukivichomeka katikati ya milo utakaa kwenye foleni ya magari huku tumbo limejaa.

Halmashauri ya mji ina matembezi yake ya urithi tangu 1997. Yanaanza hekalu la Kihindu la Swaminarayan, mtaa wa Kalupur, kabla ya saa mbili asubuhi, na kuishia karibu na Jama Masjid baada ya mwendo wa muda wa saa mbili na nusu hivi. Kampuni binafsi nyingi hufuata njia hiyohiyo, na hakuna ubaya, kwa sababu njia ni nzuri. Unachopaswa kushikilia ni saa. Mapema, vichochoro vina kivuli, watu wanafagia vizingiti, ndege wanalishwa. Ikifika saa nne na nusu, pikipiki na mikokoteni vimejaa na sauti ya mwongozaji haisikiki tena. Kundi lisizidi watu wanane. Wakiwa kumi na watano, wa nyuma huona migongo tu.

Mitaa hiyo huitwa pol. Kila pol ni kundi la nyumba zilizobanana, na aghalabu lango la kuingilia ni moja. Mwambie mwongozaji akuoneshe vitu vitatu. Cha kwanza ni chabutro, mnara mdogo wa kulishia ndege uliosimama juu ya nguzo. Cha pili ni tangi la maji ya mvua lililochimbwa chini ya ua wa nyumba, ambalo mgeni hulikanyaga bila kujua. Cha tatu ni jinsi mbao zilivyofungamanishwa na matofali ukutani, ujenzi unaoruhusu nyumba kuyumba kidogo ardhi ikitetemeka. Tetemeko si hadithi huku: lile la 1819 liliangusha minara ya Jama Masjid, msikiti uliomalizika 1424. Ua wa mtu usiuingie mpaka mwongozaji abishe hodi. Ukipita hekalu la Wajaini, wafuasi wa dini ya kale ya India, mkanda wa ngozi unabaki nje pamoja na viatu, na chakula usiingie nacho. Jama Masjid, Ijumaa adhuhuri si wakati wa watalii.

Kifungua kinywa cha hoteli kiache. Cha hapa ni fafda na jalebi, ile mizunguko mitamu ya kukaanga iliyochovywa shira. Fafda ni unga wa dengu uliokandwa na mafuta, mbegu za ajwain na magadi yaitwayo papad khar. Mpishi huweka donge juu ya ubao, hulisukuma kwa kitako cha kiganja mpaka liwe utepe mrefu mwembamba, hulibandua kwa kisu na kulitupa kwenye karai. Magadi ndiyo yanayoifanya ivunjike kwa wepesi. Yakizidi, ulimi unahisi sabuni. Huliwa na papai bichi lililokunwa, pilipili mbichi za kukaanga, na jalebi ya moto pembeni. Huuzwa kwa mizani: gramu 100 za fafda na gramu 50 za jalebi zinatosha watu wawili ambao bado wana safari. Nunua pale unapomwona mkandaji na karai kwa pamoja. Fafda iliyokaa kwenye sinia tangu alfajiri huwa ngumu na hunuka mafuta ya jana.

Khaman pia uionje asubuhi. Ni keki ya unga wa dengu iliyopikwa kwa mvuke, ikamwagiwa mbegu za haradali zilizokaangwa. Waongozaji wavivu huiita dhokla, nayo dhokla ya asili ni ya mchele na dengu zilizochachushwa, chachu yake imezidi na utamu umepungua. Kwa hapo tu unaweza kumpima mwongozaji wako.

Alasiri, jua likianza kushuka, nenda msikiti wa Sidi Saiyyed. Ulijengwa 1572–73, mwishoni kabisa mwa Usultani wa Gujarat, wakati Akbar, mfalme wa Wamughal, alipouteka mji. Kibla cha India kiko magharibi, kwa hiyo jua la alasiri hupenya madirisha ya mawe yaliyo upande huo. Maarufu zaidi lina shina la mti na mtende, matawi yakipitana mpaka jiwe linafanana na kitambaa cha lesi. Waongozaji wengi hutaja kwamba nembo ya IIM, chuo cha usimamizi cha hapa mjini, imetoka kwenye dirisha hilo, wakaendelea na safari. Aliyeujenga wanampita, na hilo linaniudhi. Sidi Saiyyed alikuwa Mhabeshi, mtu wa asili ya Afrika aliyepanda hadi kuwa mwenye cheo na mali katika dola hii. Gujarat hadi leo ina jamii ya Wasidi, wazao wa Waafrika waliovushwa bahari, wengi wao wakiwa watumwa. Msafiri wa Mombasa, Tanga au Unguja anayepita hapo bila kuelezwa hayo amenyimwa sehemu ya ziara inayomhusu zaidi. Uliza mwenyewe, na usiridhike na sentensi moja.

Hatua chache kutoka msikitini kuna mkahawa wa Lucky, uliojengwa juu ya makaburi ya zamani. Makaburi yamezungushiwa uzio wa chuma na meza zimepangwa katikati yake. Agiza chai na bun maska, mkate laini uliopakwa siagi. Kikombe kimoja, basi, usiku bado.

Kuna pengo jingine la makusudi: Bhathiyar Gali, karibu na lango la Teen Darwaza, ambako Waislamu wa mji mkongwe hupika nyama. Sehemu kubwa ya wakazi wa Ahmedabad hawali nyama, na kampuni nyingi huufuta mtaa huu kwenye orodha. Mwongozaji asiyekula nyama ana haki yake, lakini ampe mwenzake sehemu hiyo. Kuchinja ng'ombe ni marufuku Gujarat, hivyo utakuta mbuzi, kuku na nyati wa kufugwa. Chagua kababu inayotoka mkaani mbele yako au sufuria inayochemka, na ukile chakula kikiwa moto. Pombe sahau: jimbo limeipiga marufuku.

Manek Chowk nenda saa tatu na nusu usiku, na uwe na njaa. Asubuhi uwanja huu huuza mboga na majani ya ng'ombe, mchana dhahabu na fedha, usiku ni mikahawa ya viti vya plastiki isiyouza nyama. Sahani moja kwa watu watatu, la sivyo utaishia kwenye meza ya kwanza. Anza na pav bhaji: viazi, nyanya, njegere na pilipili hoho vilivyopondwa juu ya chuma kipana kwa siagi nyingi mno, vikaliwa na bofulo. Kisha dosa ya mtindo wa Gwalior, chapati nyembamba ya mchele na dengu, ambayo mboga na jibini hukatwakatwa juu yake ikiwa bado jikoni. Maliza na kulfi, barafu nzito ya maziwa. Sandwichi ya chokoleti, nanasi na jibini ni maarufu sana hapa. Onja kipande kimoja, kwangu mimi hakuna zaidi ya hapo.

Wageni wengi huugua kwa pakodi, zile puri ndogo za kupasuka mdomoni zinazojazwa maji ya nanaa, kotmiri na ukwaju. Puri haina kosa, imekaangwa. Tatizo ni maji, barafu yake, na mkono wa muuzaji unaozama humo kila mara. Kula pale tu mwongozaji anapojua maji ni ya kuchujwa, la sivyo omba puri kavu yenye viazi na tambi za dengu. Chatine zilizokaa wazi nazo ziache. Beba chumvi za kuongeza maji mwilini, na noti ndogo za rupia 10, 20 na 50, kwa sababu wenyeji hulipa kwa kuchanganua msimbo kwa simu na chenji ya noti ya 500 ni shida.

Msimu bora ni Novemba hadi Februari. Tarehe 14 Januari, sikukuu ya vishada, mji mkongwe wote uko juu ya mapaa. Nenda kwa miguu, maana nyuzi zilizopakwa unga wa kioo hukata shingo za wapanda pikipiki. Aprili hadi Juni joto huvuka nyuzi 40, na hapo matembezi yaanze saa moja asubuhi au yasifanyike. Ukifika wakati wa masika ya Julai na Agosti vichochoro vina matope, ila mvua ikianza tu, foleni hujipanga kwenye karai za dalvada, bajia za choroko zinazoliwa na pilipili na kitunguu kibichi. Siku hiyo mwombe mwongozaji apunguze sahani moja ya Manek Chowk na akupeleke huko.