Jiki Nayo Inazeeka, Jamani

Jiki inayouzwa hapa Kigoma imeanza kunitia hasira. Juzi, duka moja la mtaa wa Mwanga, nimekuta chupa zake zimepangwa nje barazani, jua la saa saba linazipiga, lebo zimepauka hadi tarehe haisomeki. Nikauliza, hizi za lini? Kijana wa duka, mpole tu, akanijibu: "Mama, jiki ndiyo inaua wadudu, yenyewe itaozeshwa na nini?" Wateja wakacheka. Nikalipia sabuni ya mche, nikaondoka na kisirani changu.

Haiozi, kweli. Inageuka maji ya chumvi kimyakimya, jambo ambalo ni baya zaidi. Dawa iliyomo, hipokloraiti ya sodiamu, huvunjika yenyewe hata kama chupa haijafunguliwa, na joto na mwanga vinaiharakisha. Wenye viwanda hawakuchagua chupa zisizopitisha mwanga kwa ajili ya urembo. Ikitunzwa ndani, kwenye kivuli na ubaridi, unaweza kuitegemea miezi sita hivi, ukibahatika mwaka. Na sisi tuko mwisho wa reli! Chupa ikitoka Dar imeshapigwa kilomita zaidi ya 1,200, ikalala stoo ya jumla chini ya bati, ndipo ikaletwa kuanikwa Mwanga. Pakiti ya maziwa tunaigeuza mara tatu kutafuta tarehe. Jiki tunaitupa kwenye kikapu, twende zetu.

Kwa mashuka sina ugomvi. Jiki iliyochoka utaiona: doa halitoki, unaongeza kifuniko kingine, maisha yanaendelea. Kwa vijidudu huoni kitu. Harufu utaisikia, maana hata iliyopungua nguvu bado inanuka, na pua haina kipimo. Tuliokuwepo mkoa huu Mei 2015 hatuhitaji kusimuliwa: wakimbizi kutoka Burundi wamejaa kijiji cha Kagunga, meli ya Liemba inawaleta mjini, kipindupindu kimeingia. Wengi tulijifunza kuchanganya. Jiki ya asilimia 3.5, kikombe kimoja kwa vikombe sita vya maji, unapata asilimia 0.5 ya kumwagia matapishi na kusafishia choo cha mgonjwa. Hesabu hiyo yote imeiamini lebo. Jiki ikiwa imebaki na nusu ya nguvu, vipimo vilevile vinakupa asilimia 0.25, na wewe umesimama hapo na glavu zako ukijiona daktari bingwa.

Haya, nikubali: si kila kitu cha usafi kina uzee wa namna hiyo. Sabuni yetu ya mawese ikikaa ikakauka ndiyo inakuwa ngumu, haiishi haraka. Ya unga ikikaa pakavu haina neno. Ya maji ya kupima ikianza kutoa uvundo, mwaga. Na mwenye duka naye namwelewa, kwa shingo upande: duka lenyewe halizidi kitanda cha futi tano, jiki akiiweka ndani karibu na unga wa ugali, kesho anarudishiwa unga. Ila kivuli hakiuzwi, ndugu yangu. Hata kona ya baraza ina kivuli.

Nyumbani nako tusijitetee. Nani katufundisha kuhamishia jiki kwenye chupa nyeupe ya maji ya kunywa, kisha tunaiweka dirishani? Mwanga unaila mchana kutwa. Na mtoto katoka shule na kiu yake, anaona chupa ya maji. Hili sina utani nalo hata kidogo. Iacheni kwenye chupa yake, ifungeni, wekeni juu asikofika.

Wengine wakiona haina nguvu wanaiongezea dawa ya choo, eti zisaidiane. Dawa ya choo nyingi ni asidi; zikikutana zinatoa gesi ya klorini, na vyoo vyetu tunavijua, dirisha lake ni tofali moja lililosahauliwa na fundi.

Halafu zile ndoo za kunawia migahawani, zimeandikwa kwa kalamu nene: "MAJI YENYE DAWA". Jiki ikishatiwa maji ni ya siku hiyohiyo, kesho yake unachanganya nyingine. Ukimuuliza dada wa mgahawa haya yamechanganywa lini, anakutazama kama umemuuliza umri wake, anakwambia: "Yapo tu, mama, wewe nawa."