Siku saba za Nairobi, siku mbili za Goma

Jana mteja kaja kupimwa suti hapa Kayole, Nairobi. Mkono mmoja kaunyoosha nimpime bega, wa pili umeshika simu, anamwonyesha mwenzake fomu 34A, karatasi ya matokeo ya kura za rais ya kituo alichopigia kura mwaka 2022. Wanabishana kama tarakimu ile ni 1 au 7! Mgombea wake alishindwa, Mahakama ya Juu ikamkatalia tarehe 5 Septemba, lakini karatasi bado anayo. Wivu ulinishika mpaka nikarudia kupima bega.

Najua mtakayosema, ndugu zangu wa kwetu Goma, Kongo. "Huyu naye, kala chapati za Nairobi kidogo tu, tayari kajiona jaji." Semeni. Sijasema Wakenya ni malaika. Baada ya kura za 2007 walichinjana, wakafa zaidi ya watu 1,100, na mpinzani alikataa kwenda mahakamani kwa maneno yaleyale tunayoyasema sisi, kwamba mahakama ni ya serikali. Mwaka 2017 majaji walifuta uchaguzi wa rais, uliporudiwa Oktoba upinzani ukasusa. Yote nayajua.

Mimi nasema kimoja tu: hapa aliyeshindwa ana muda na ana karatasi. Siku 7 za kupeleka kesi, siku 14 za majaji kuamua. Fomu za vituo zaidi ya 46,000 ziliwekwa kwenye tovuti, hata fundi cherehani mgeni kama mimi angeweza kukaa akajumlisha.

Kwetu? Matokeo ya rais yalitangazwa tarehe 31 Desemba 2023, na sheria inatoa siku 2 za kulalamika. Yaani sikukuu ya mwaka mpya na kesho yake. Avoka, yaani wakili, wa Goma apande ndege kwenda Kinshasa, maana barabara mnaijua wenyewe. Tarehe 9 Januari Mahakama ya Katiba ilikuwa imeshamaliza kazi. Fayulu, mgombea wa upinzani aliyekwenda pale Januari 2019 kuomba kura zihesabiwe upya akatoka mikono mitupu, safari hii hakujisumbua.

Mjomba wangu aligombea udepite, yaani ubunge, wa jimbo. Mashahidi wake wa vituoni aliwalipa mwenyewe, pesa ya ng'ombe. Wa mtaa wa Ndosho alirudi usiku na PV, karatasi ya matokeo ya kituo, aliyoipiga picha gizani, kwa simu ya kioo kilichopasuka, namba zimesongamana kama siafu. Wengine walirudi bila kitu. Avoka akamuuliza, "Papa, ushahidi uko wapi?" Mjomba akatoa ile picha. Avoka akaitazama, akamrudishia simu. Tena orodha ya wagombea aliyomo ilitakiwa ifikishe asilimia 3 ya kura za jimbo zima ili ipate kiti, jimbo ambalo Masisi na Rutshuru hawakupiga kura kwa sababu ya vita. Asilimia 3 ya nini, jamani?

Kuna kaka mmoja ataniambia vita kwanza, kura baadaye. Kaka, nyumbani napiga simu kila siku, usinifundishe Goma. Lakini hata kabla ya Januari 2025, waasi wa M23 walipouteka mji, hizo PV zilikuwa wapi? Sheria yetu yenyewe inataka matokeo yatolewe kituo kwa kituo. Tulichopata ni jumla zilizosomwa Kinshasa, pale Bosolo, kituo cha tume cha kutangazia matokeo, sisi tukipiga makofi au kununa.

Na wewe unayesema "rudi basi uje upige kura": mwaka 2023 Wakongo wa ng'ambo waliruhusiwa kupiga kura kwa mara ya kwanza, katika nchi tano: Ubelgiji, Ufaransa, Marekani, Kanada na Afrika Kusini. Kenya haimo. Sisi tuliojaa huku tulitazama kwenye simu.

Mkenya hatuzidi moyo, hilo silikubali. Watu wa Goma walisimama foleni wakingoja mashine za kupigia kura mpaka giza likaingia. Na mashine ile ya Korea Kusini inachapa matokeo, kwa hiyo karatasi ipo. Tume ya uchaguzi yenyewe, Januari 2024, ilifuta kura za wagombea 82, wengine kwa kukutwa na mashine kinyume cha sheria, kwa hiyo wizi wanaujua kuliko mimi. Basi ile karatasi ipigwe picha kituoni, iwekwe tovutini, tujumlishe wenyewe. Mtaniambia hatuna intaneti. Video za wagombea wakicheza ndombolo mlizitazama kwa kutumia nini?