Magharibi Saa Kumi Kasoro

Nauliza tu, sina ugomvi na mtu: nani aliwaambia ndugu zetu kwamba Desemba ndiyo mwezi wa kuja kutembea London? Ah, jibu lenyewe linajulikana. Shule Tanzania zimefungwa, tiketi imeshakatwa, sanduku limejaa dagaa na visheti, na mwenyeji anapozwa: "Usihangaike na sisi, siku mbili tu za kuzunguka mjini zinatosha." Siku mbili! Siku yenyewe iko wapi?

Saa za Kiswahili zilitungwa na watu ambao jua lao halina mbwembwe. Linachomoza kwenye kumi na mbili, linazama kwenye kumi na mbili, basi. London wiki ya Krismasi jua linatoka saa mbili na dakika tano asubuhi, tena likipenda, na linazama saa kumi kasoro dakika tano. Wenzetu Tanga saa yao ikisoma hivyo wanakoroga chai ya alasiri. Huku watu wanapapasa swichi ya taa. Mchana mzima haufiki saa nane. Haya, zichukue hizo saa nane pungufu uzigawie familia ya watu saba yenye bafu moja.

Kutoka nyumbani ndiyo safari yenyewe, hayo mengine ni nyongeza. Kwanza chai. Halafu chai ya shangazi, ambaye ile ya kwanza haikuwa na tangawizi. Halafu bafuni, kwenye sinki la kizamani lenye bomba mbili, moja la kuunguza na moja la kugandisha, na mama mkwe anatawadha kwa kurukaruka baina yake kama anacheza rede. Akiziba sinki achanganye maji, anasema hayo hayatawadhiki. Mpeni kopo, jamani. Kopo la plastiki la lita moja kando ya sinki, na la pili chooni, huokoa nusu saa ya mchana.

Kisha mavazi. Mtoto akishafungwa zipu ya mwisho ndipo mkojo unambana, hilo limeandikwa. Basi wote wapite chooni kwanza, wavae watu wazima, watoto wawe wa mwisho. Ukigeuza, watatokwa jasho sebuleni. Na jaketi lile kubwa la mitumba la kutoka Manzese, lililotoka Ulaya na sasa limerudi kwao, halitoshi peke yake. Kinachokinga baridi ni hewa iliyonaswa kati ya nguo na nguo: nguo ya ndani ya kubana, sweta la sufu juu yake, kisha jaketi lisilopitisha maji wala upepo. Theluji wasiingoje, London huonekana kwa nadra. Kinachoua ni manyunyu na upepo kwenye nyuzi joto 6 au 7. Soksi za pamba zikilowa hazikauki, na mjomba akivaa jozi mbili ndani ya kiatu kilekile cha harusi ndio kwanza vidole vinakufa ganzi, kwa sababu mguu umebanwa, damu haipiti na hewa haina pa kukaa. Jozi moja nene ya sufu, kiatu chenye nafasi. Atabisha. Mwache abishe akiwa anatembea.

Ukimaliza kuwafunga kama marobota ya mitumba, unawashusha kwenye treni ya chini ya ardhi, na huko ni joto! Udongo wa mfinyanzi chini ya London umenyonya joto la treni kwa zaidi ya miaka mia, haujui Krismasi. Mtu asipofungua zipu na kuvua skafu kabla ya kushuka ngazi, atatokea upande wa pili amelowa jasho, apigwe na upepo wa mto, na usiku mzima utasikia kikohozi na harufu ya Vicks. Kwenye ngazi za umeme simameni kulia. Shangazi husimama katikati, na mkoba kushoto.

Kadi za kulipia nauli nazo. Kila mtu mzima na kadi yake, huwezi kugusa mara nne ukawapitisha ukoo. Walio chini ya miaka 11 hawalipi, wapitie geti pana pamoja na mkubwa. Na uliyegusia kuingia ndiyo ugusie kutoka: mjomba akiingia kwa kadi na kutoka kwa simu, hata kama vyote vinavuta akaunti moja, mashine inaona watu wawili, mmoja hajatoka na mwingine hajaingia, na inawakata wote wawili nauli ya juu kabisa. Basi ni raha zaidi: unagusa mara moja tu unapopanda, na ndani ya saa moja unaweza kubadilisha mabasi bila kulipa tena. Namba 15 linatoka Trafalgar Square, linapita kanisa la St Paul's hadi ngome ya Tower, ghorofani mbele kama uko kwenye sinema. Ila pumzi za abiria huganda kwenye kioo, sinema yote ukungu. Khanga iwe mkononi, si ndani ya begi chini ya sambusa.

Kosa kubwa la wenyeji wengi ni kuanza na makumbusho. Eti nje baridi, tuingie ndani kwanza! Mnatoka saa kumi, daraja la Tower Bridge limeshamezwa na giza, na picha mlizoahidi kutuma ni meno na macho tu. Mwanga ni wa nje. Asubuhi mto, daraja, ikulu. Makumbusho baadaye, kule taa zinawaka jua litake lisitake, na lile la historia ya asili pale South Kensington linapokea watu wa mwisho saa kumi na moja na nusu. Kuingia bure, ila kata tiketi ya muda mapema. Na tiketi hiyo usiitume kwenye kundi la familia ilivyo! Imeandikwa 10:00, shangazi anasoma saa kumi, anajipangia usingizi. Andika mwenyewe "saa nne asubuhi", kisha waambie saa tatu.

Humo ndani kuna mifupa ya nyangumi ya mita 25 inaning'inia darini tangu 2017. Ataitazama nani? Ukoo umeshasambaa unamtafuta "mjusi wetu wa Tendaguru", yaani yule dinosaria. Mjusi yuko Berlin! Wajerumani ndio waliomchimba Lindi, kati ya 1909 na 1913. Waingereza nao walikwenda kuchimba palepale kuanzia 1924, lakini yule jitu wa kwenye vitabu vya shule yuko Ujerumani. Lawama anabeba mwenyeji: "Umetuleta mji sio."

Kuswali kunataka hesabu. Adhuhuri ni saa sita na dakika chache, alasiri saa nane kasorobo, magharibi ndiyo hiyo kumi kasoro. Ukitawadha mmoja mmoja kwenye vyoo vya mgahawa, mchana umekwisha. Aliye safarini ana ruhusa ya kukusanya na kupunguza, lakini mama mkwe hataki kusikia, basi panga njia ipite Whitechapel, msikiti uko jirani na stesheni na chakula cha halali kiko mlangoni.

Tarehe 25 msitoke. Hakuna treni, hakuna basi. Makumbusho makubwa hufungwa 24 hadi 26. Pikeni pilau.

Na ule mti wa Trafalgar Square, unaoletwa na watu wa Oslo kila mwaka tangu 1947 kwa shukrani za wakati wa vita, mwandae mgeni mapema. Taa zake zinashuka wima, mtindo wa Kinorwe, hazizungushwi. Shangazi atauelekezea simu, Tanga yote ikiwa hewani, na kutangaza: "Ndiyo huu. Umekonda." Hapo simu itazima, betri ina asilimia 30 lakini baridi imeiua, iwekwe mfuko wa ndani, karibu na mwili.

Halafu kuna mjomba ambaye hajabadilisha saa yake ya mkononi tangu Dar. London inasoma saa kumi kasoro dakika tano, yake saa moja kasoro dakika tano. Tanga nako magharibi imeshaingia, na juu ya Trafalgar kiza hikihiki. "Saa yangu haina tatizo," anasema, "tatizo lenu." Utamjibu nini? Kufika kumi na moja jioni anasinzia, ameshapandisha kirekebisha joto cha nyumba hadi 30. Haiharakishi chochote, nyumba inapanda joto kwa mwendo uleule. Ni kama kumwambia dereva wa daladala anakoishia ni Mbagala badala ya Temeke, hakanyagi mafuta zaidi, ila nauli utailipa. Na saa nane za usiku, kwake kumi na moja alfajiri, anasikika jikoni anapekua kabati, anatafuta sufuria ya chai.