Mama mkwe na mabegi ya hoki

Niseme mapema kabisa, wazo la kupokea wachezaji halikuwa langu, lilikuwa la mama watoto na rafiki zake wa kazini, mi niliambiwa tu Jumapili moja "wiki ijayo tunapata wageni wawili kutoka Uswisi" nikadhani watu wazima, nikaanza kuwaza watakunywa chai au kahawa.

Kumbe watoto. Hapa Québec mjini kila Februari kuna mashindano ya kimataifa ya hoki ya barafu ya vijana wa miaka 11 na 12, pee-wee wanayaita, yapo tangu 1960 na usije ukadhani ni bonanza la mtaani. Wanachezea Centre Vidéotron, ukumbi wa watu zaidi ya 18,000, na timu zinatoka Kanada, Marekani, Ulaya na kwingineko. Guy Lafleur alipita hapa akiwa mtoto, Wayne Gretzky naye kapita 1974, wote wakaja kuwa magwiji wa hoki, kwa hiyo kila mzazi anayekuja na mwanawe anamwangalia kwa jicho la "nani ajuaye". Sasa timu za mbali watoto wao wanagawiwa kwa familia za mjini, wawili hapa wawili kule, unawalisha, unawalaza, unawapeleka uwanjani. Hiyo ndo zamu iliyotuangukia sisi, watu wa Tanga ambao hoki tulikuwa tunaipita kwenye TV tukitafuta mpira.

Na kibaya zaidi (au kizuri, mtaamua wenyewe) mama mkwe alikuwa kaja kutusalimia. Februari. Nani anamleta mama yake kutoka Tanga Februari mi sijui, tiketi ilikuwa bei poa ndo jibu nililopewa. Basi bibi wa watu yupo ndani kavaa dera, juu ya dera sweta langu, juu ya sweta koti langu, chini soksi zangu mbili mbili, anaangalia theluji dirishani anasema "hii yote ni barafu na hakuna anayeuza?" maana yeye zamani alikuwa anauza barafu za ubuyu na za ukwaju shuleni, anaijua barafu kibiashara.

Watoto wakaja. Wazuri, wana adabu, wanaongea Kifaransa cha Uswisi kilichonyooka kuliko hiki chetu cha huku. Mmoja mrefu anacheza mbele, mwingine mfupi mnene kidogo, huyo ndo kipa. Wakatoa zawadi ya chokoleti na vile vibeji vidogo vya pini, maana kwenye haya mashindano kila timu ina pini zake na watoto wanabadilishana ukumbini balaa, kuna wanaojali pini kuliko mechi. Wakamchomekea bibi moja kwenye ushungi. Bibi kafurahi, mambo safi.

Halafu yakaingia mabegi.

Jamani. Begi la mchezaji wa hoki unaweza kumlaza mtu mzima na mto wake, na la kipa ndo kabisa, lina magurudumu. Humo ndani kuna kinga za mabega, za viwiko, za miguu, kaptula yenye magodoro, glavu, viatu vya kuteleza, kila kitu kina sponji na kila sponji limekunywa jasho la msimu mzima likafungiwa gizani. Yule kipa akafungua zipu pale koridoni atoe mswaki. Harufu iliyotoka, nikitafuta mfano ni dagaa walionyeshewa stendi halafu wakasafirishwa kwenye buti. Mama watoto akafungua dirisha, nje digrii 25 chini ya sifuri, na bado tukaona afadhali baridi.

Mama mkwe akauliza, "Baba, hawa watoto wana wazazi?"

Nikamwambia wanao mama, ndo mchezo wenyewe ulivyo, huku kila mtu anajua begi la hoki linanuka, wamezoea, watu wanaliweka gereji au chini kwenye stoo. Baadhi ya vitu unafua, vingine unavianika tu vikauke. Akaniangalia. Wenye wakwe mnalijua hilo jicho. Akasema, "Mtoto wa mtu analetwa kwangu, halafu namrudisha kwa mamake ananuka hivi? Mamake atasema kalala wapi?"

Mi ni mkwe, mkwe habishani. Ningesema nini, "hapana mama acha wanuke"?

Mechi ya pili ilikuwa kesho yake saa mbili asubuhi. Usiku nikaenda kuoga, natoka bafuni nakuta sebule imegeuka. Kianikio cha nguo kimetandazwa katikati, juu yake kinga zote zimepangwa kwa ustadi, mabega huku, miguu huku, glavu zimechomekwa juu ya vijiti zinatazama dari, na juu ya yote katupia shuka langu la kitanda moshi usipotee. Chini ya shuka, chetezo cha udongo kutoka Tanga. Ule udi wa kupika na sukari na marashi, wa harusini, anao kopo zima. Na mkaa ule wa vidonge wa dukani kwa Waarabu, kumbe kamtuma mama watoto mchana kamwambia ni dawa ya mafua.

Watoto wamekaa kwenye kochi wamevaa pajama wanatazama kwa heshima zote. Yule mrefu anarekodi na simu. Kitu kimoja tu kilibaki nje ya shuka, lile kofia la kipa lenye chuma usoni, limechorwa mlima na radi. Kipa kalikumbatia, kagoma, kipa na kofia lake huwatenganishi. Bibi kamwomba mara ya kwanza kwa upole, mara ya pili kwa chapati, wapi. Akasema "haya, likae, lakini nimesema."

Sasa udi ukiwa mdogo chumba kinanukia. Udi wa bibi anayefukiza vifaa vya hoki vya watu wawili, mmoja wao kipa, ni kitu kingine. Kengele ya moshi ya sebuleni ikaanza. Nikaikimbilia na taulo nipepee, kabla sijafika ya koridoni ikaitika, halafu ya jengo zima. Ghorofa nne zinalia.

Huku kengele ya jengo ikilia unatoka, hakuna mjadala. Mi na taulo kiunoni nikavuta suruali ya theluji ya mwanangu, haikupanda zaidi ya magoti, nikavaa kanzu ya Idi na mabuti. Watoto wakavaa majaketi ya timu, kipa kabeba kofia. Tukashuka ngazi na majirani, bibi mmoja na paka wake, wanafunzi, kila mtu ananusa anauliza kunaungua nini maana harufu ya hatari ilikuwa nzuri mno. Nje baridi inashika mpaka vinyweleo vya puani. Jirani yangu Mkongo wa Bukavu akanisogelea akaniangalia na ile kanzu akasema, "Shemeji, kwako kunaungua ao munaoza binti?"

Gari la zimamoto likafika. Wanaume wakashuka na mitungi mgongoni, mashoka, taa kwenye helmeti, wanaingia mbio kutafuta moshi unatokea wapi. Na wakati wao wanapanda, moshi wenyewe unashuka. Mama mkwe. Alichelewa kwa sababu alikuwa anafunga ushungi vizuri, na hakuona sababu ya kuacha udi mzuri uungue bila mtu, kwa hiyo chetezo kipo mkononi kinafuka, anashuka ngazi polepole ameshika ukuta, anawapisha zimamoto anawaambia "piteni wanangu, piteni." Wakampita! Wakapanda mpaka ghorofa ya tatu, wakakuta shuka na glavu zimenyoosha vidole juu, wakashuka tena.

Mkubwa wao, mwenye masharubu yaliyoshika barafu, akauliza nani mwenye nyumba. Nikainua mkono wa kanzu. Nikaanza kueleza kwa Kifaransa changu, udi, jasho, heshima ya mgeni, naona haelewi. Halafu akaona majaketi ya watoto. Basi ikaisha. Mnatoka wapi, mmeshinda ngapi, kipa ni nani, kumbe yeye mwenyewe alicheza haya haya mashindano utotoni, enzi zile wanachezea Colisée ya zamani, akaanza kuonesha kwa mikono alivyopiga na paki, kile kidude cha mviringo wanachokipiga, ilivyogonga mwamba, mpaka leo inamuuma. Sisi tunaganda. Mama mkwe kuona mkubwa kaja na anaongea kwa upole, akafanya linalofanywa kwa mgeni wa heshima, akamzungushia chetezo kifuani na chini ya masharubu. Yule baba akavuta pumzi, akanyamaza kidogo, akaniuliza, "Hii inafanya kazi kwenye glavu?"

Aliandika anachoandika, akasema moto ndani marufuku, kengele ikazimwa tukarudi kulala. Kesho yake mwenye jengo akaniletea barua, hiyo tuiache.

Asubuhi uwanjani. Nimewapeleka mpaka mlango wa vyumba vya kubadilishia, begi likafunguliwa, kikatoka kicheko cha Kiswisi, halafu kimya, halafu wenzao mmoja mmoja wanainamia begi wananusa. Chumba kinachonuka miaka yote kikanukia kesha la harusi. Kocha akaja kuchungulia, akashika kinga ya bega akaipeleka puani, akaangalia begi lake.

Mechi bibi aliifuata mwanzo mwisho. Kilichomkera ni wachezaji kubadilishana kila baada ya muda mfupi, hata dakika haiishi mtoto katolewa, "mbona hawamwachi achoke?" Na yule mrefu alipofungiwa kwenye kile kibanda cha adhabu dakika mbili kwa kumkwatua mwenzie, bibi akataka kushuka na chapati, kafungiwa mtoto hajala. Lakini kipa wetu siku hiyo, aisee, alidaka mpaka vya kukopa. Mwishoni 3 kwa 2, tumeshinda, bibi anapiga vigelegele kwenye ule ukumbi na familia zima za Québec zinageuka kutafuta king'ora.

Sasa watu wa hoki wana imani kuliko Simba na Yanga na ndumba zao golini. Kwenye mechi za kombe la Stanley, kombe kubwa la hoki ya kulipwa huku, wanaacha kunyoa ndevu mpaka watolewe. Patrick Roy, kipa mkubwa mzaliwa wa mji huu huu, alikuwa anaongea na milingoti ya goli lake, na haoni haya. Ukishinda hubadilishi kitu. Kwa hiyo jioni kocha akapiga simu, mtu mzima, sauti ya chini, anaomba kama yule mama angeweza kufanya timu nzima.

Ndani marufuku, balkoni mi nilikataa, basi ikaamuliwa iwe kwenye kile kibasi cha kukodi cha timu, nyuma ya jengo, watu wote nje. Mabegi yote yamefunguliwa juu ya viti, chetezo kwenye sinia la bati sakafuni, milango imefungwa. Mama mkwe kasimama kwenye theluji na koti langu anaamuru kwa fimbo ya hoki, anasubiri, anafungua mlango, ananusa, anafunga, "bado." Kocha anatafsiriwa "bado" na mimi, anaitikia kwa kichwa, anapiga miguu chini baridi. Ushungi wa bibi muda huo una pini kama ishirini, maana aligundua watoto wa timu nyingine wanampa mbili kwa kaimati moja, na kaimati alikuwa nazo.

Dereva alipokuja asubuhi akauliza nani kafa.

Tukapigwa 6 kwa 1.

Sitaki kuizungumzia hiyo mechi, wale wa upande wa pili walikuwa wakubwa, mmoja mi naamini ana mke. Goli la tatu lilimpita kipa juu ya bega, la nne hivyo hivyo, la tano likagonga chuma cha lile kofia likaingia. Mwisho wa mechi watoto wanalia koridoni wakiwa wananukia vizuri sana, wazazi wanawapigapiga mgongoni, kocha kaegemea ukuta anaangalia chini, na mimi natafuta neno la kumfariji, ndo mama mkwe kanisogeza na kiwiko.

"Mwambie mimi niliomba lile kofia mara mbili."

Nikasema mama, huu sio wakati wake.

"Mwambie, baba."

Nikamwambia. Nilitegemea acheke au anikasirikie. Yule bwana akageuka, akamwangalia kipa pale kwenye benchi na kofia lake mapajani, akakaa kimya muda mrefu, halafu akatoa simu akaniomba nimuandikie jina la udi na duka.